Ushuru wa Ririan

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya duka nyuma ya soko la Kakamega, miguu juu ya pedali ya cherehani, na rafiki yangu Lilian akanipa simu yake akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa. Hawa watu wanataka nini?" Nikasoma. Nikaelewa kila neno. Kisha nikamdanganya.

Usishtuke. Nyinyi vijana mkituona na mvi mnadhani tulizaliwa nazo, na busara tuliipata bure kama mvua. Wapi! Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na miwili, simu zilikuwa zile za kubonyeza, na mimi nilikuwa na wivu. Sitautafutia jina zuri. Wivu.

Huyo Lilian Khasandi alitoka Shinyalu, kijiji kimoja na shangazi yangu. Alinijia akiwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Mimi ndiye niliyemfundisha kupima, kukata, kupindua kola ikakaa. Ndiyo maana aliniita Mwalimu, na nilipenda kuitwa hivyo, nilipenda mno. Akikosea nilifurahi kidogo moyoni, kwa sababu lazima angenigeukia aniulize. Wivu ukiwa mchanga, mwanangu, hujifanya upendo, na mwenyewe unaweza kukaa nao miaka ukidhani ni wema wako.

Akanunua cherehani yake mwenyewe, akaiweka kando ya yangu. Muda si muda wateja wakawa wanapita meza yangu kwenda kwake. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mtamu. Siku moja mama mmoja alikuja na kitambaa cha harusi, nami nikanyoosha mkono kukipokea. Akakivuta. "Pole, mama, hiki ni cha Lilian." Nikacheka, nikasema hakuna shida. Halafu nikaenda kwenye choo cha soko nikajifungia, nikalia mpaka watu wakaanza kugonga mlango.

Basi shule moja ya msingi ikamwahidi Lilian kazi ya kushona nembo kwenye sweta za wanafunzi wote. Kazi hiyo haifanyiki kwa cherehani ya mguu. Inataka mashine ya darizi, ile inayochora nembo yenyewe kwa nyuzi. Hapa kwetu bei yake ilikuwa haishikiki. Akasikia kwamba ukiagiza ng'ambo unapata kwa nafuu. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. Akamuuza. Akaniomba nimsindikize kwenye saiba, kile chumba cha kompyuta za kukodi zenye mtandao, "kwa sababu wewe, Mwalimu, umesoma."

Mwenye saiba alikuwa mama mmoja mcheshi aliyekuwa na kadi ya benki ya kulipia vitu vya nje. Akamtafutia mashine, akalipa, kisha akauliza mzigo uandikwe jina gani. Sasa unajua ndimi zetu, L na R hupokezana zamu. Lilian akajibu kwa ulimi wa nyumbani, "Ririan." Na yule mama, aliyezaliwa huku huku kama sisi, akaandika alivyosikia: Ririan Khasandi. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, macho kwenye kioo cha kompyuta. Niliona. Nilijua kwenye kitambulisho ameandikwa Lilian. Neno moja tu lingetosha. Nikageuza uso nikatazama kalenda ukutani.

Wiki kadhaa zikapita, ndipo ukaja ule ujumbe wa Jumanne. Ulisema mzigo wa Ririan Khasandi umefika nchini. Ulitaja ushuru wa forodha, ukataja na ada ya kushughulikia mzigo. Ukaeleza kwamba siku tano za kwanza mzigo utakaa ghalani bure, na baada ya hapo kila siku ina malipo yake. Mzigo usiokombolewa utapelekwa mnadani. Lilian hakuwa na habari kwamba kuna kitu kama hicho. Yeye alidhani bei aliyolipa pale saiba ndiyo mwanzo na mwisho.

"Si nilishalipa, Mwalimu? Hii ingine ni ya nini?"

Hapo ndipo shetani alinipa maneno, tena maneno matamu. "Wee! Hao ni matapeli," nikamwambia. "Angalia, hata jina lako hawalijui. Ririan ni nani? Mtu anayekudai pesa na hajui jina lako, mkimbie."

"Nisiwapigie hata simu?"

"Ukipiga tu, wamekumaliza."

Akaufuta ujumbe mbele ya macho yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, Mwalimu. Haki ningeliwa mzima mzima." Nikaitikia amina. Ndiyo, niliitikia.

Ujumbe wa pili ukaja, akaufuta bila kunionyesha, akaniambia tu, "Wale wezi wako wamerudi." Tukacheka pamoja. Mwenye saiba alipoulizwa alisema mizigo ya ng'ambo huchelewa, avumilie. Lakini mimi nilijua. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilijua malipo ya ghala yamepanda tena, na chai yangu ilikuwa na utamu ambao sukari haiwezi kuuleta. Hasidi hana sababu, walisema wahenga, nami nakuambia hana hata haya. Mwalimu mkuu wa ile shule alipita akanong'ona nami kwamba muhula unakaribia kuanza, na Lilian akishindwa, je, mimi naweza kumtafutia mtu wa darizi? Nikamwambia nitaangalia. Nikamshonea na kifungo cha koti bure.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda Shinyalu kumwona shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sisi humwita senje. Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe, maji ya obusuma, ugali wetu, yako motoni. Senje hakuwahi kukanyaga shule, lakini ukimdanganya alikutazama kama mtu anayesubiri umalize. Nami kwa ujinga wangu nikataka sifa. Nikamsimulia jinsi nilivyomwokoa Lilian kutoka kwa matapeli wa simu.

"Ulijuaje kama ni matapeli?" akauliza.

"Hata jina walikosea, senje. Walimwandika Ririan."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mimi humwitanga nani?"

"Ririan," nikasema.

"Na mama yake?"

"Ririan."

"Basi sisi wote hapa ni matapeli!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, nami nikacheka naye. Halafu akaacha kucheka, mimi nikabaki nacheka peke yangu.

"Rasoa," akaniita. "Hiyo jina inatokanga kwa mdomo ya mtu wa hapa tu. Mwizi wa mbali angeitoa wapi?"

Mimi niliyesoma nilijificha nyuma ya herufi moja, na mama asiyejua kusoma akanikuta hapo hapo. Akaendelea polepole, bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Wanasemanga kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mtoto alikuvaa wewe kama nguo. Ulijua hiyo ujumbe ni ya kweli?"

"Nilijua, senje."

Akainuka, akaipua sufuria ya maji, akaiweka chini. Katika maisha yangu yote sikuwahi kutoka kwa senje bila kula. Hata tukiwa tumefiwa, hata mwaka wa njaa, ungekaa kwanza na kitu kingeingia mdomoni. Siku hiyo alinionyesha mlango. "Enda kwake saa hii. Kwangu utakula siku umemwambia." Nikatoka. Majirani waliokuwa barabarani waliona nimetoka kabla ya chakula, na huko kwetu kila mtu anajua maana yake: nimefukuzwa.

Kwa kina Lilian palikuwa karibu, nikaenda kwa miguu nikipita mashamba ya chai. Nilimkuta anafua. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kalenda ya saiba. Alisikiliza huku povu linakauka mikononi mwake.

"Siku ile nikikupa simu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kabla nifute?"

"Kabla ufute."

Akairudisha mikono kwenye beseni akaendelea kufua. Laiti angenitukana.

Jumatatu tulifika pamoja kwenye ofisi ya mizigo. Afisa alikuwa muungwana, akatueleza bila haraka. Ushuru wenyewe haukuwa wa kutisha. Salio la pesa za ng'ombe lingeulipa pamoja na ada ya kushughulikia, kama angekuja wiki ile ya kwanza. Kilichotuua ni ghala. Siku zilizolundikana zilikuwa zimeupita ushuru kwa mbali, na mzigo ulikuwa umeshaandikwa kwenye orodha ya mnada. Tena kwa sababu ya jina, ilibidi aende kwa wakili kuapa kwamba Ririan na Lilian ni mtu mmoja. Nikamwambia Lilian nitaiuza cherehani yangu nilipe. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Kaa nayo, Mwalimu. Si pesa ulinichukulia. Siku ile ungeniambia sumu ni uji, ningekunywa."

Kaka zake wanaolima kule Chekalini waliuza mahindi waliyokuwa wameweka ya kula, wakamkomboa na mashine yake. Ilifika shule zikiwa zimefunguliwa wiki tatu, na kazi ya nembo ilikuwa imeshapewa fundi wa mji mwingine. Mimi nilikuwa nimemwambia mwalimu mkuu kwamba simo, lakini toba yangu haikumrudishia Lilian kazi. Wake za kaka zake walinunua unga msimu ule kwa sababu ya kinywa changu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu mpaka leo halali.

Lilian hakuanguka. Alipata kazi nyingine, akapanga chumba upande wa pili wa barabara, na leo ana mashine nne. Ananisalimia kila asubuhi, hajawahi kuninyima salamu. "Habari ya leo, Mama Felista." Ni salamu njema, yenye heshima zote. Ila Mwalimu hajaniita tena tangu ile Jumatatu, na miaka imekuwa mingi.

Sasa nikuambie kwa nini nimekukalisha chini leo, Felista. Asubuhi umenionyesha simu yako. Umeagiza ile mashine ya kuchapa picha kwenye fulana, mzigo umefika, na wanadai ushuru. Ukaniuliza, "Mama, nilipe?" Nami nikakujibu haraka, "Achana nao, hao ni matapeli." Uliondoka umeridhika. Mwanangu, sikuwa nimesoma. Niliona tu mtoto wangu ananunua mashine ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, na kitu nilichodhani nilikizika Shinyalu kikafufuka. Kwako wewe, niliyekuzaa. Naona haya kulisema, lakini ni heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na leo nimejikwaa ulimi mara ya pili.

Kwa hiyo futa jibu langu, usiufute ujumbe. Matapeli wapo, ndiyo, tena wengi, kwa hiyo usilipe kwa namba iliyokuja tu kwenye simu. Nenda ofisini kwa miguu yako, na kitambulisho, na risiti ya ulichonunua, uwaulize wakuonyeshe ushuru ni upi, ada ni ipi, na siku za bure zimebaki ngapi. Nenda leo, maana ghala halijui udhuru. Siku nyingine kabla hujaagiza, uliza mzigo utakugharimu nini mpaka ukufikie mkononi, kwa sababu bei ya dukani ni nusu ya safari. Jina lako liandike wewe mwenyewe. Na mtu akikupa ushauri, hata akiwa mzee, hata akiwa mimi, tazama kwanza kama kupata kwako kunamuuma. Mwenye wivu hakuambii "anguka". Hukuambia "jihadhari", tena kwa sauti ya mama.

Haya, chukua mwavuli, ofisi hufungwa mapema. Mungu aibariki mikono yako, Felista, izidi ya kwangu na ipite mbali, na mimi anijalie macho ya kukutazama ukipita bila kuumia.