Waya wa Dada Atu

Sijui kama nitaeleza vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma, na saa za kazi nilicheza mchezo wa kupigana risasi mtandaoni na vijana wa Dar. Mtandao ukisuasua, nauawa mimi. Siku hiyo nilichomoa waya wa mtandao wa kompyuta ya Dada Atu, karani mwenzangu, ili kasi yote ije kwangu.

Kumbe alikuwa anatuma karatasi za lori la nyanya la Mzee Hamisi, livuke kwenda Zambia. Karatasi zikakwama, wote wakadhani kuna hitilafu, kumbe Dada Atu hakuwa na kosa, wala mtandao.

"Mdogo wangu, nasikia wewe ndiye fundi wa kompyuta hapa," Mzee Hamisi akanishika bega. "Nyanya zinachuruzika. Geti likifungwa, namwaga zote."

Nikaingia chini ya meza, nikijifanya natafuta hitilafu. Hedifoni nilizovaa zikachomoka, na kompyuta ikapaza sauti ya mwenzangu wa Dar:

"Oya, Tunduma! Si umeshamchomolea dada waya? Mbona hupigi?"

Nikabaki nimepiga magoti, waya mkononi. Mzee Hamisi hakugomba. Aliniuliza tu, "Ni mchezo?"