Fundi wa Meno Ajifunza Baiskeli

Kwa miaka ishirini na sita Mama Pacha alikuwa akitengeneza meno ya watu wengine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amechelewa. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika hospitali kubwa ng'ambo ya mto, kwenye chumba cha ghorofa ya chini kilichonuka nta na plasta. Daktari wa ghorofa ya juu alichukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa, kipimo kikashushwa, na Mama Pacha akakaa na kinywa hicho siku nne mpaka kikapata meno. Watu aliwajua kwa taya. Akimsalimia mtu kwenye korido, kabla hajajibiwa alikuwa ameshaona gego gani halijakaa sawa.

Mwaka aliotimiza hamsini na miwili, jiji likatangaza kwamba daraja kubwa lina nyufa na litafungwa kwa matengenezo. Mabasi yakahamishiwa daraja la kaskazini, ambako magari yote ya jiji nayo yalikuwa yamehamia. Safari ya dakika arobaini ikawa ya saa mbili na ushee. Mama Pacha akachelewa kazini Jumatatu, akachelewa Jumanne, na Jumatano daktari mkuu akamuuliza kwa upole kama nyumbani kuna msiba.

Palikuwa na daraja jingine, la zamani, la mbao na vyuma, ambalo magari hayakuruhusiwa. Alhamisi Mama Pacha akapita hapo kwa miguu. Alitembea saa moja na dakika kumi, na goti lake la kulia likaongea njia nzima. Alipokuwa akitembea, waendesha baiskeli walimpita. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliwahesabu: wanaume mia moja na kumi na wawili, wanawake wanne. Aliwatazama vizuri. Hakuona hata mmoja aliyemzidi akili.

Jioni ile, walipokuwa mezani, akamwambia mumewe, "Baba Pacha, nataka baiskeli."

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu aliyeshinda akipanda na kushuka bila kufika popote, na labda ndiyo sababu hakuwa na papara. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Unajua kuendesha?"

"Sijui."

"Basi shida yako si baiskeli."

"Nitajifunza."

"Kwa umri huu? Samaki mkunje angali mbichi, mama."

"Hata mkavu hukunjika," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa meza. "Unamloweka kwanza."

Huyo alikuwa mama mkwe. Alikuwa na miaka sabini na minne, na alihamia kwao mwaka uliopita, baada ya dada yake aliyekuwa akiishi naye kufariki. Pacha wenyewe walikuwa watu wazima wenye makwao, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu. Mama Pacha na mama mkwe walikuwa wakiheshimiana kwa miaka thelathini, tena mno, kiasi kwamba hawakuwahi kuongea. Asubuhi ilikuwa shikamoo mama, marahaba mwanangu, umeamkaje, nimeamka salama. Baada ya hapo kila mmoja alitafuta kitu cha kufuta vumbi. Ndiyo maana ile habari ya samaki iliwashtua wote wawili, mume na mke.

Baiskeli ikapatikana, mtumba, ya rangi ya kijani iliyokuwa imeanza kukata tamaa. Jumapili wakaenda wote watatu kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala lililofungwa. Mama mkwe alibeba kiti chake cha plastiki ili apate kutazama kwa nafasi. Baba Pacha alishika tandiko kwa nyuma, mkewe akapanda, wakaanguka. Wakarudia. Walikuwa wameanguka mara sita, tatu wote wawili na tatu Mama Pacha peke yake, simu ilipolia: kuna watu wamekwama kwenye lifti, ghorofa ya tisa. Baba Pacha akajikung'uta na kuondoka. Alionekana kama mtu aliyesamehewa kifungo.

Mama Pacha akaanza kuikokota baiskeli kurudi nyumbani. Mama mkwe akainuka kwenye kiti, akavua kandambili, akazipanga vizuri pembeni.

"Panda," alisema.

"Mama, acha tu. Nitakuumiza."

"Panda, mwanangu. Siwezi kushika tandiko tupu."

Haikuwa rahisi. Kwa malezi aliyolelewa, Mama Pacha hakuwahi kumpa mama mkwe wake mgongo, sembuse kumkalia mkono. Lakini kumkatalia mkwe nako ni makosa, na kati ya makosa mawili alichagua lililokuwa na magurudumu. Akapanda.

"Usitazame gurudumu," ilisema sauti nyuma yake. "Gurudumu linajua liliko. Tazama unakokwenda."

Akatazama ukuta wa ghala.

"Ukiona hofu, kanyaga. Anayesimama ndiye anayeanguka."

Wakazunguka uwanja mara mbili bila kuanguka. Mama Pacha alikuwa akisikia nyayo za mama mkwe zikipiga saruji, na akagundua kwamba maneno yale hayakuwa ya mtu aliyezisikia baiskeli redioni.

"Mama, umejulia wapi mambo haya?"

"Nilikuwa mkunga. Mitaa saba. Ulidhani nilikuwa naruka?"

Jumapili nne walikwenda uwanjani, wao wawili tu, na huko ndiko walikoanza kuongea. Anayekushikia tandiko hakuoni uso, na wewe humwoni wake, kwa hiyo maneno yalitoka tu. Mama Pacha akasema kwamba mwanzoni mwa ndoa alikuwa akijificha stoo mama mkwe anapowatembelea. Mama mkwe akasema alijua, na kwamba alikuwa akikohoa kabla ya kupita stoo ili asimfumanie.

Jumapili ya tatu Mama Pacha akauliza ile baiskeli ya ukunga iliishia wapi.

"Siku moja niliamka, haipo. Baba mkwe wako alikuwa ameigawa, kwa mtu wa mbali. Alisema mke wa mwalimu mkuu hapandi baiskeli watu wakaona mapaja."

"Yalikuwa yanaonekana?"

"Mwenye kutafuta huona."

"Nawe ulisema nini?"

"Nilisema sawa. Enzi zile neno ndilo hilo tu. Nikatembea kwa miguu miaka tisa. Watoto wawili walizaliwa kabla sijafika." Wakamaliza mzunguko mzima. "Tazama mbele, mwanangu."

"Baba Pacha anajua?"

"Alikuwa na miaka saba. Sikumwambia."

Sauti hiyo ya mwisho ilitoka mbali. Mama Pacha akageuka, akamwona mama mkwe amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, hatua arobaini nyuma. Alipoelewa maana yake, akaanguka.

Siku ya kwanza ya kwenda kazini ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mkwe alikagua breki zote mbili, akabinya matairi kwa kidole gumba, kisha akainama na kuibana miguu ya suruali ya mkaza mwanawe kwa vibanio vya kuanikia nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Baba Pacha alisimama mlangoni na kikombe chake. Chai ilimpoa mkononi.

Njia haikuwa na adabu. Lori la mchanga lilimpigia honi kwa nyuma, basi likampigia kwa mbele, na kwenye taa za barabarani dereva mmoja akatoa kichwa dirishani na kumshauri akacheze na wajukuu. Mama Pacha hakumjibu, kwa sababu kujibu kulihitaji pumzi, na pumzi zote alikuwa amezipangia kazi. Taa zilipowaka kijani alimpita. Dereva yule alibaki kwenye foleni, na kwa kadiri Mama Pacha alivyoijua foleni ile, alibaki hapo mpaka saa tatu.

Alifika getini kwa dakika thelathini na moja. Mlinzi akatoka kibandani na daftari lake.

"Fundi, hiki nini?"

"Baiskeli."

"Naiona. Nauliza niiandike wapi."

Daftari lilikuwa na safu nne: magari, pikipiki, wagonjwa, maiti. Mlinzi alikuwa mtu mwaminifu na hakupenda kuandika uongo. Gari haikuwa. Pikipiki ina injini. Akamtazama Mama Pacha, jasho lilivyokuwa likimtiririka na kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka, akaandika kwenye safu ya wagonjwa. Kwa wiki tatu Mama Pacha aliingia kazini akiwa mgonjwa, na kila jioni alitoka amepona.

Mwezi wa pili akajitolea kupeleka meno nyumbani kwa mzee mmoja, karani mstaafu asiyeweza tena kutembea, aliyeishi upande wao wa mto. Aliyaweka kwenye kisanduku cha plastiki, akakifunga kwenye kapu la mbele. Katikati ya daraja la mbao, mwenye mkokoteni aliyekuwa mbele yake akasimama ghafla kufunga kamba ya kiatu. Mama Pacha alibana breki, baiskeli ikatii, yeye hakutii. Kisanduku kikafunguka na meno yakaenda zake.

Watu wakakusanyika kuokota. Mwanamume mmoja mwenye suti akainua taya la juu kwa vidole viwili.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mtu," alisema Mama Pacha kutoka chini.

"Hilo naliona."

Taya la chini lilipatikana chini ya mkokoteni. Lilikuwa zima, ila chonge moja lilikuwa limeng'oka, na wote walitafuta mpaka mama mmoja mwenye mwavuli alipoonyesha ufa kati ya mbao mbili, na mto chini yake. Mama Pacha akashukuru kila mtu. Akafunga goti kwa leso, akageuza baiskeli, akarudi hospitali, akapachika chonge jingine, akalisugua mpaka likafanana na ndugu zake. Saa kumi na moja jioni alikuwa amesimama mbele ya karani mstaafu. Mzee akayavaa, akayang'atanisha, akalalamika kwamba yanambana.

"Meno mapya ni kama wakwe, mzee," alimwambia. "Yape muda."

Nyumbani alifika akichechemea, leso imelowa damu, na usukani wa baiskeli umepinda. Baba Pacha alimtazama yeye, kisha akaitazama baiskeli, kwa muda mrefu.

"Imetosha," alisema. "Kesho naigawa. Kuna mtu kazini ataichukua."

Mama Pacha alikuwa amechoka mno kubishana. Lakini mama mkwe, aliyekuwa akiosha lile goti kwa maji ya chumvi, alisimama.

"Kaa chini," alimwambia mwanawe.

"Mama, umeona mwenyewe alivyo..."

"Kaa."

Akakaa.

"Baba yako naye aliigawa yangu."

Baba Pacha alimtazama kama mtu aliyesikia lifti ikisimama mahali pasipo ghorofa. "Ile iliibiwa," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Baba."

Mama mkwe akarudi kwenye goti. Alikamua kitambaa, akakichovya tena. Baba Pacha aliendelea kukaa, mikono juu ya magoti.

"Mimi nilimtafuta yule mwizi miaka miwili," alisema baadaye, taratibu. "Kila baiskeli niliyoiona niliinama kutazama chini ya tandiko, kama ina ule mkwaruzo wa baiskeli yako. Nilimpiga mtoto wa fundi viatu. Nilisema baba yake ndiye aliyeiba."

"Najua. Nilikwenda kuwaomba radhi."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba mwanangu anapenda baiskeli."

Mama Pacha aliendelea kutazama goti lake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama kwa heshima. Kisha Baba Pacha akainuka, akachukua baiskeli, akatoka nayo nje. Wanawake wale wawili wakatazamana. Mama Pacha akadhani ameenda kuigawa jioni ile ile. Akajikongoja hadi dirishani.

Mumewe alikuwa amesimama uani, amelibana gurudumu la mbele kati ya magoti, akiuvuta usukani kwa mikono miwili. Aliutazama kwa jicho moja, akauvuta tena kidogo, akautazama. Alikuwa na uso ule ule wa kazini.

"Ulikuwa umepinda kushoto," alisema bila kugeuka. "Ungeishia mtoni."

"Asante, Baba Pacha."

"Niletee spana," alisema. "Na mwambie mama aje anionyeshe hizi breki zinavyokazwa. Mimi nimezoea za lifti."