Shangazi wa Umbilo

Muuguzi aliita jina langu, tukasimama watu wawili.

Ilikuwa hospitalini, Durban, ile miaka ya mwisho ya tisini. Benchi lilikuwa limejaa tangu alfajiri. Mimi nilikuwa na kidole kilichobanwa na mlango wa kontena kule Clairwood, nilikokuwa napakia na kupakua mizigo, kimevimba kama ndizi mzuzu. Nilikuwa na njaa pia, na mimi nikiwa na njaa sisemeshwi. Jina likaitwa, nikasimama, nikageuka, nikamwona bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, mkongojo mkononi, naye kasimama.

"Kaa chini, kijana. Ninayeitwa ni mimi," akasema kwa Kiingereza.

"Kaa wewe, mama. Ni mimi."

"Mimi si mama wa mtu." Akanitazama toka utosini hadi unyayoni. "Umelitoa wapi jina langu?"

Damu ikanichemka. Nimetoka Muheza na jina langu, nimevuka nalo mipaka, kila askari wa mpakani kalisoma akacheka, halafu nije kuulizwa kwenye benchi la hospitali kama mwizi wa kuku! Nikamjibu, "Nimelitoa kwa baba yangu. Wewe umelitoa wapi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi akainua mafaili mawili, akasoma hili, akasoma lile.

"Eish," akasema. "Kwani nyinyi ni familia?"

"Hapana!" tukajibu wote kwa mpigo, na watu wakazidi kucheka.

Jina lenyewe, la ukoo, silitaji hapa. Ni la Kiingereza, lakini hata Waingereza wenyewe nimewaona wakilisoma mara mbili. Wanaolibeba ni wachache mno. Nikilitaja nitakuwa nimewanyooshea kidole.

Nilipotoka na bendeji yangu nilimkuta ananisubiri getini. Nilidhani anataka tumalizie ugomvi, nikajiandaa. Akanitajia mtaa wake, Umbilo, ghorofa ya pili juu ya duka la makochi. "Jumapili, saa kumi, chai," akasema. "Nataka kujua." Hakuniuliza kama napenda. Akaondoka na mkongojo wake.

Nilikwenda, na sababu naijua vizuri. Jumapili za Durban zilikuwa zinaniua. Siku za kazi mtu unachoka, unalala. Ijumaa msikitini nilikutana na Watanzania wenzangu, tukapeana salamu za nyumbani, kila mtu akarudi kwenye biashara yake. Lakini Jumapili! Mkongomani niliyekuwa napanga naye chumba alikwenda kanisani asubuhi na kurudi jioni, sauti imemkauka kwa kuimba. Mimi nilibaki dirishani nikitazama magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na kuondoka. Katika mji mzima hapakuwa na mlango hata mmoja ambao ningeugonga bila kuulizwa nina shida gani.

Jumapili hiyo yule Mkongomani aliwahi kurudi, akanikuta napiga pasi.

"Weye, unaenda wapi na shati ya pasi?"

"Kwa bibi mwenye jina langu."

"Muzungu? Na yeye iko famille yako?" Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Basi umuombe nyumba, ndugu yangu! Umuombe na gari!"

Bibi alinifungulia mlango, akafunga haraka nyuma yangu tumbili wasiingie. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, joto la kufa mtu. Mezani palikuwa na ramani kubwa, na juu ya ramani punje za dengu. Nikadhani nimemkuta anachagua dengu za kupika, nikasema moyoni, maskini, chakula chenyewe ndicho hiki.

"Usiguse!" akasema.

Kumbe kila punje ilikuwa nyumba moja ya watu wa jina letu. Ramani ilikuwa ya Uingereza. Alianza na pini, hewa ya bahari ikazitia kutu, akahamia dengu. Siku moja tumbili aliingia kwa dirisha la jikoni akafagia kaskazini yote ya Uingereza kwa kiganja, akaitia mdomoni. Bibi aliirudisha nyumba moja moja kwa kichwa, maana alikuwa akizijua zote. Miaka mingi alikuwa akiwaandikia mapadri wa vijiji vya kule, na wengine walimjibu.

Akanionyesha bonde moja kwa ncha ya kijiko. Mvua na kondoo, basi. Hapo palikuwa na shamba, na jina letu lilikuwa jina la shamba lile kabla halijawa la watu. Waliokaa shambani waliitwa kwa shamba. Karne kwa karne hawakutoka. Waliozana na majirani, wakazikwa ukuta mmoja na kondoo wao. Kisha sufu ikakosa bei, wakateremkia kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na punje zikafuata reli kuelekea mashariki. Vita vikaja vikachukua vijana. Babu yake yeye ndiye aliyepanda meli kuja Natal kulima miwa, miwa ikamshinda, akafa karani wa bandari. Na shamba lenyewe? Sasa hivi halina hata paa, ni kuta tu, kondoo wanajikinga upepo.

Alisimulia yote hayo kama anayesoma taarifa ya habari, bila kunitazama. Halafu akaweka kijiko chini. "Haya. Sasa lako."

Sikumficha. Nilimwambia hatuna damu moja, asijisumbue kunitazama pua. Babu yangu alikuwa mpishi wa meneja mmoja Mwingereza kwenye shamba la mkonge. Vijana wenye jina kama la babu walikuwa wengi pale, basi wakatofautishwa kwa kazi zao: yule wa trekta, yule wa kuanika singa za mkonge, na huyu wa Bwana Fulani. Jina la bwana likamganda. Baba alipopelekwa shule, mwalimu akamuuliza jina la ukoo, akataja hilo, likaandikwa, yakaisha. Bwana mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto. Alikufa kwa homa, masika, barabara imekatika.

Bibi alikuwa ameshika kikombe. Akakitua.

"Binamu wa baba yangu alikwenda Tanganyika," akasema. "Barua zilikatika. Hatukujua." Kisha akauliza, "Nani alimzika?"

"Babu. Na watu wa mkonge. Mzungu hata mmoja hakuweza kufika."

"Na kaburi?"

"Lipo. Babu alikuwa akilifagia. Alipokufa, baba akalifagia. Sisi watoto tulikuwa tunapelekwa kung'oa majani, tunanung'unika."

Akainuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, maji yakimwagika bombani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mimi nikajifanya natazama ramani.

Ili tu tuseme kitu, nikamuuliza kwa nini ana kibakuli cha dengu kando. Akasema hizo ni za waliotoka: waliokufa, na wasichana walioolewa.

"Walioolewa?" Nikaja juu. "Kwani wamekufa?"

"Wamechukua majina ya waume zao."

"Loo! Huyo mume kamzaa? Kwetu mwanamke haachi jina la babake hata aolewe mara saba. Analibeba mpaka kaburini."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna chumba nyumbani kwake hajawahi kukifungua. Akatoa atlasi rafuni, akafungua Afrika, akanisogezea mfuko wa dengu. "Weka," akasema.

Nikaanza na nyumba ya baba. Baba zangu wadogo. Shangazi zangu, wote, na walioachika, na aliyeolewa Pangani. Babu alikuwa na wake wanne, na hakuna aliyekaa bure. Nikazitaja nyumba kwa vidole, vidole vikaisha, nikaanza tena. Mwisho nikachota konzi, nikaimwaga Muheza. Ikawa kichuguu, nyingine zikaporomokea baharini.

Bibi aliitazama Uingereza yake, punje hapa, punje kule, kisha akaitazama Muheza.

"Kumbe lilihamia huko," akasema taratibu.

Nilijiona tajiri ghafla, mimi niliyeshinda dirishani nikihesabu magari. Kisha nikakumbuka kwamba wote wale walikuwa mbali zaidi nami kuliko walivyokuwa mbali naye, kwa sababu yeye hakuwahi kuishi nao hata awatamani.

Kwenye Durban bibi akaweka punje moja, yake. Akachukua nyingine akaiweka kando, akaisogeza kwa ukucha mpaka zikagusana. "Wewe," akasema.

Nikamwambia kwetu mwanamke mwenye jina la baba yako anaitwa shangazi. Akajaribu kulitamka, likamtoka "shangaasi". Nikamwambia linatosha.

Basi Jumapili zikawa na mahali pa kwenda. Tusidanganyane, hatukuwa na mengi ya kuongea. Alinisahihisha Kiingereza changu, nikamsahihisha chai yake, maana alikuwa anapika maji ya kuoshea vikombe. Tuligombana juu ya madirisha. Alikuwa na kiburi, na mimi ninacho, hakuna aliyekubali kushindwa. Nyakati nyingine tulikaa kimya saa nzima, kila mmoja na upweke wake, lakini chumba kilikuwa kimoja.

Siku moja akaniambia, amekaa pembeni mwa kitanda, viatu hajavaa, "Hospitali wameniambia. Sitafika mbali. Kufa siogopi. Naogopa kuzikwa na watu wanaotazama saa." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nikipanga ile ramani nikijiuliza, ni yupi kati ya hawa angekuja? Hakuna. Nataka asimame mtu wa jina hili. Mmoja tu."

"Nitasimama, shangazi."

"Hata kama ni siku ya kazi?"

"Hata kama."

Akanitazama kwa jicho la hospitalini, la siku ile ya kwanza. Nadhani hakuniamini.

Jumapili moja nikagonga, akafungua msimamizi wa jengo, mzee wa Kihindi niliyezoea kupishana naye ngazini. Alikuwa na funguo mkononi. Akasema shangazi alichukuliwa Alhamisi, na kwamba mazishi ni Jumatano, saa nne. Nikashuka ngazi nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, mbele ya makochi ya watu, nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali. Mwenye duka akatoka, akanitazama, akarudi ndani.

Nyumbani nikawaomba watu. Yule Mkongomani, safari hii hakucheka. "Pole, ndugu. Lakini Jumatano mi niko salon, patron atanifukuza." Wale wa msikitini nao walikuwa na meza zao sokoni. Kwetu msiba huachiwi peke yako, hata ukiwa na ugomvi na mtaa mzima. Lakini Durban haikuwa kwetu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jumatano asubuhi nikamwambia msimamizi wa ghala naomba ruhusa, nimefiwa.

"Na nani?"

"Shangazi."

"Yuko wapi?"

"Umbilo. Anazikwa leo. Ni mzungu."

Alicheka akawaita na wenzake waje kusikia. Akasema nikitoka getini nisirudi. Nikavua glavu, nikamwekea mezani juu ya sandwichi yake, nikatoka. Kazi nyingine niliipata Mobeni, baada ya njaa kidogo.

Sikuwahi kuingia kanisani maishani mwangu. Nikakaa benchi la nyuma, sijui pa kuweka mikono. Walikuwepo msimamizi wa jengo, mama mmoja jirani yake, na vijana wawili wa kubeba jeneza, mmoja kweli akitazama saa. Padri akasema familia wakae mbele. Hakuna aliyeinuka. Mabenchi ya mbele yalikuwa matupu, yamepigwa rangi yanang'aa. Padri akangoja, akapekua karatasi zake, akafungua mdomo aendelee.

Nikasimama. Viatu vyangu vya ghalani vilipiga kelele njia nzima. Padri akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani wake?"

"Ni shangazi yangu."

Akaniuliza jina, nikamtajia lote. Alitazama karatasi yake, akanitazama, na hakucheka. Nikakaa benchi la mbele peke yangu. Kaburini nikatupa udongo mara tatu kama tunavyofanya sisi, wengine wakangoja nimalize.

Baadaye msimamizi wa jengo alinifungulia ghorofani, akasema vitu vitachukuliwa kesho, kama kuna ninachotaka nichukue. Tumbili walikuwa wameketi ukingoni mwa dirisha, nje, wanachungulia. Ramani ilikuwa palepale mezani, na atlasi kando yake, kichuguu cha Muheza kimejaa. Niliona si haki kuiacha hivyo. Mtu akifa punje yake inatoka, ndivyo alivyokuwa akifanya yeye, bila kulia, mtu baada ya mtu.

Nikanyoosha mkono hadi Durban. Zile mbili zilikuwa zinagusana vilevile alivyoziacha. Nikaziinamia, nikazitazama kwa karibu, na sikuweza kujua ipi ilikuwa ya shangazi na ipi ilikuwa yangu. Nikatoa moja.