Mwavuli wa Bure Ulivyonianika Sokoni Tukuyu

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa kwetu Ibighi watawaambia nilivua blauzi jukwaani, na sikuvua (ilifunguka vifungo, hayo ni mambo mawili tofauti). Chekeni tu, nimeshazoea. Ila mkimaliza kucheka mtajua kwa nini nikiikumbuka siku ile naona fahari mpaka leo.

Ilikuwa kipindi kile cha ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Tukuyu yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yameanza kujaa vitu ambavyo hata matumizi yake hatuyajui, na siku ya soko likaja gari la kampuni ya maziwa ya kopo, likaegesha karibu na wauza ndizi, likapiga muziki mpaka tukayaacha mafungu yetu. Mgongoni nilikuwa na Lusajo, mtoto wangu wa kwanza, wa miezi minne, na pembeni yangu jirani yangu Atupele, aliyejifungua juzijuzi tu, naye kabeba wake. Kijana wa kampuni, shati jeupe pepepe, akasema kwenye kipaza sauti kwamba maziwa ya mama ni mepesi, hayamtoshi mtoto, mama wa kisasa anatumia kopo.

Atupele akanigeukia. "Mwenzangu, kumbe wangu analia kwa sababu hiyo?"

Nilitaka kumwambia hapana, lakini Lusajo naye alikuwa mtoto wa kulialia, hofu ikaniingia. Na wasichana wa kampuni walikuwa wanapita wanagawa makopo ya bure kwa wenye watoto wachanga, Atupele akapokea la kwake akalikumbatia.

Kijana akaita kutoka kwenye jukwaa lao: "Mama gani wa kisasa atapanda huku na mtoto wake? Zawadi yake mwavuli!"

Hapo ndipo nilipopotea. Mnaijua mvua ya Rungwe, hiyo haiishi, inapumzika tu, na mwavuli wangu miaka yote ulikuwa jani la mgomba. Nikapanda mbio kabla hajapanda mwingine.

Nikapewa mwavuli, nikapewa na chupa yenye chuchu ya mpira, imejaa maziwa yao. Nikamshusha Lusajo mgongoni, alikuwa na njaa, mkono wangu ukaenda kwenye kifungo kwa mazoea, kijana akanizuia: "Usimnyonyeshe, mama, subiri kwanza niwaelezee watu." Akaeleza, akaeleza, mtoto analia, na mnajua wenyewe titi likisikia mtoto analia halisubiri hotuba, blauzi ikaanza kulowa mbele ya soko zima. (Haya ndiyo yale mepesi yasiyotosha, yanachuruzika mpaka kwenye kitenge.) Mwishowe nikamtia chupa mdomoni. Lusajo akaonja, akakunja uso, akayatema yote kwenye lile shati jeupe.

Watu wakaangua kicheko. Nikainua macho nicheke nao, na mstari wa mbele kabisa nikaona kofia ninayoijua na koti la mvua ninalolijua. Baba mkwe! Katoka kwake Ikuti!

Sasa kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Ukimwona njiani unaingia migombani, akija nyumbani unapitia mlango wa nyuma, na mimi tangu niolewe nilimjua kwa kofia na koti tu. Leo nimesimama juu ya jukwaa, kifua kimelowa, na mzee yuko pale chini. Pa kukimbilia sina. Nikafanya lililonijia kichwani: nikaufungua ule mwavuli kwa nguvu nijifiche nyuma yake, nao ukapiga mnara wa makopo yao waliyoyapanga vizuri, yakaporomoka yote, mengine yakabiringika mpaka kwenye ndizi, na kijana katika kuyadaka akadondosha kipaza sauti. Mimi nikachuchumaa nyuma ya mwavuli, vifungo vikafunguka, Lusajo akalirukia titi lake.

Kipaza sauti kilikuwa kimeangukia kwenye kitenge changu, na kilikuwa kinafanya kazi. Mimi sikujua.

Basi soko zima likasikia kwenye spika mtoto akimeza, gu, gu, gu, halafu likasikia na mimi nikimnong'oneza: "Nyonya, baba, nyonya. Mama alitaka mwavuli tu. Hayo ya kwao hata mimi siyaamini."

Mwe bandu, jamani watu! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kijana akaja mbio, "Mama, rudisha mwavuli wetu!", na hapo nikasikia sauti ya baba mkwe. Nilichungulia kidogo chini ya mwavuli: mzee alikuwa ameshaligeuzia jukwaa mgongo, anaongea na watu wa soko.

"Mwacheni na mwavuli wake. Mimi sikuona kitu. Nimesikia tu mjukuu wangu anakunywa, na anakunywa sana. Ndaga fijo, asante sana."

Atupele akaja akaliweka lile kopo lake la bure pembeni ya jukwaa, akaketi kwenye gunia la viazi, akamtoa mwanawe mgongoni akamnyonyesha. Mama mwingine akarudisha la kwake, na mwingine tena. Sijawahi kuaibika kiasi kile, na sijawahi kujivunia kifua changu kiasi kile.

Niliapa siku ile ile: zawadi ya mtu mwenye spika sipokei tena, na mwanangu akiwa na njaa hamsubiri mtu amalize kuongea. Nilirudi Ibighi nimejifunika mwavuli wakati jua linawaka, maana baba mkwe naye alikuwa anakwenda kwetu kusalimia, yeye mbele, mimi nyuma sana. Nikazungukia jikoni. Huko nikamsikia sebuleni akimwambia mume wangu, kwa kile Kiswahili chake kisichojua herufi z:

"Mwambie mkeo asimkatise mtoto masiwa yake."

Lilikuwa neno la kwanza baba mkwe kunitumia tangu niolewe. Nililishika, na Lusajo alinyonya mpaka akawa anakuja kwa miguu yake mwenyewe kunivuta kitenge.