Majitu Yasiyokimbia

Juzi nilirudi nimechoka, nikakuta wanangu wakibishana juu ya mchezo wao wa dadu, wa majitu yanayopigana. Katika toleo jipya majitu yamepewa uwezo wa kukimbia vita. Sikuwaamua.

Kwetu Kasongo, nilipokuwa mtoto, majitu tuliyafinyanga wenyewe kwa udongo, nyuma ya nyumba, penye harufu kali ya mihogo iliyolowekwa. Jitu lilipigana mpaka livunjike. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Kisha akaja binamu yangu Zaina, yeye na mama yake, kutoka Kabambare, kulikokuwa na mapigano. Vita vya majitu yetu vilipoanza, akalificha jitu lake nyuma ya jiwe.

“Jitu haiwezi kukimbia,” nikamwambia.

“Ya kwetu inakimbiaka,” akajibu polepole. “Tena inabeba mutoto.”

Nilidhani hajui kucheza. Miguu yake ilikuwa bado imevimba kwa safari ya kutoka kwao.