Sauti Iliyobaki Kwenye Diski ya Mwalimu Yona

Mwanangu, siku niliyoteremka stendi ya Dodoma nikitokea masomoni India, nakumbuka maneno niliyopokelewa nayo. Baba yangu mdogo aliinua sanduku langu, akaona ni zito, akadhani ni zawadi. Alipolifungua alikuta bisibisi, nyaya na vipimo vya umeme.

"Miaka yote hiyo ng'ambo, umerudi fundi redio?" Alicheka mpaka wapiga debe wakageuka. Akasema sitapata mteja hata mmoja, kwamba kompyuta ni vitu vya wabunge.

Mimi nilikuwa na stashahada ya ufundi wa kompyuta, tena ya daraja la kwanza, na sioni haya kuitaja hadi leo. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kompyuta za mitumba zinaingia mjini. Nikapanga chumba karibu na soko la Majengo, nikaandika jina langu juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na stashahada chini yake.

Asubuhi moja akaingia Mama Neema wa Makutupora, na binti yake mdogo, na shemeji yake Lazaro. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Mwalimu Yona, alifundisha kwaya, na wageni wa kanisa walimwachia laptopu. Sasa ilikuwa haiwaki, nayo imeviringishwa kwenye kanga.

"Fundi mmoja alitaka kufungua diski yake aipulize vumbi kwa pampu ya baiskeli," alisema.

"Akaifungua?"

"Nilimnyang'anya."

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mara ya pili, na safari hii kwa moyo. Unajua kwetu vumbi hulaumiwa kwa kila ugonjwa, na kila fundi ana pampu yake. Lakini diski ndiyo inayohifadhi kila kitu, na ndani yake punje moja tu ya vumbi inatosha kuiharibu. Ukiifungua ili kuisafisha, umeiua.

Nikaichomoa, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ikazunguka, majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo. Nilipotaka kunakili, ikalia tik, tik, majina yakapotea. Nikawaambia waniachie.

Hapo ndipo udadisi uliponishika, mwanangu. Asubuhi ilikubali. Mchana ikakataa kabisa. Kwa nini? Nikaigusa, nikakuta ni ya moto kama jiwe la juani. Nikatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mtungi wangu wa maji. Nikaifunga diski kwenye mfuko wa nailoni, nikaiegemeza kwenye ubavu baridi wa mtungi, nikasubiri. Nilipoirudisha, ikaamka! Pwani ningeogopa unyevu, lakini hewa ya Dodoma unaijua, hata midomo hupasuka. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo. Nililigundua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kila ilipoamka ilidumu muda mfupi kuliko mara iliyopita. Nikajua inakwisha. Nikawaita wenyewe.

"Anza na karatasi za shamba la zabibu alizohifadhi marehemu humo," Lazaro akaamuru. "Kikao cha wakulima kimekaribia."

Nami nikaona ndiyo kazi ya maana. Nilikuwa tayari nimeshika kipanya.

"Kijana," Mama Neema akasema taratibu, "laptopu nimeileta mimi. Mbona hujaniuliza?"

Nikaachia kipanya. Akamgeukia Lazaro.

"Shemeji, hizo karatasi hazina nakala?"

"Zipo ofisini Chamwino. Lakini nauli, na kuzungushwa njoo kesho, njoo kesho..."

"Basi utazungushwa. Yona hana nakala. Alikuwa anajirekodi akiimba, na huyu mtoto haikumbuki sauti ya baba yake."

Nikatafuta nyimbo. Faili moja likaanza kunakiliwa, polepole. Tik moja ikasikika, nikafunga macho. Nilipoyafumbua, faili lilikuwa limefika, na diski imezima. Haikuamka tena, hata kwa mtungi.

Nikalifungua faili. Kwanza kikohozi. Kisha mtu akasema, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, kama anayeingia nyumbani kwake, na kabla hajaanza wimbo akacheka: "Neema, acha huo waya, baba anarekodi."

Mtoto akasogea karibu na spika. "Mama, kumbe ananijua?"

"Si umesikia anavyokukataza waya?" Mama Neema akajibu, akaketi sakafuni kando yake.

Lazaro alikwenda Chamwino, akazungushwa kweli, akapata karatasi zake.

Mwanangu, stashahada ilinifundisha kuishika diski. Mama yule alinifundisha kwamba kazi ni ya aliyeileta. Kwa hiyo kabla hujaonyesha ujuzi wako, muulize anatafuta nini. Kitu kikikukatalia, kiguse, kisikilize, jiulize kwa nini, usikimbilie kukifungua. Na ukijaliwa nafasi moja tu, okoa kwanza kile ambacho hakuna ofisi itakayokupa kingine. Na wazazi waliokuzaa wangali hai. Warekodi wakicheka, usingoje waimbe vizuri.

Mungu akupe mikono isiyo na papara. Akujalie kuitwa jina lako na wakupendao, nawe uwepo uitike.