Leso Mtoni

Agosti ile nilikuwa nafyeka njia katika hifadhi ya msitu pembeni mwa jiji. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua kwenye mjengo, na kabla ya mjengo nilisukuma mkokoteni Kawangware. Sikuwa mtu wa kukaa mahali. Hapa nilibaki kwa sababu ya watoto. Kila asubuhi ya likizo yalikuja makundi mawili, moja la Kibera na moja la Kawangware, kujifunza sayansi nje. Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nilifyeka polepole sana karibu na mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana aliyeshinda siku nzima ndani ya viatu vya gambuti. "Mkitaka kujua kama mto ni mzima," aliwaambia, "tafuteni wanaoishi ndani yake." Akawapa ndoo wakachote maji ya mto. Ijumaa wazazi wangekuja kuona walichopata.

Kundi la Kibera liliongozwa na msichana wa Mashimoni, kimoja cha vijiji vya Kibera, aliyelelewa na nyanya yake, muuza makaa na mboga kule Silanga, kijiji jirani. Nyanya alikuwa amempa wiki moja tu ya kujaribu. Ijumaa angekuja mwenyewe, na akiona ni mchezo wa matope, msichana angerudi kibandani kumsaidia kuuza. Aliniambia hayo njiani kwenda mtoni, akitazama mbele, kama mtu anayezungumzia mvua.

Walirudi kwa mwalimu wakitembea kwa madaha. Maji ndani ya ndoo yao yalikuwa maangavu.

"Ticha, tumechuja," msichana alisema.

Alikuwa ameikunja mara nne leso aliyojifunga kiunoni, akachuja maji yote, kisha akaikung'utia kwenye nyasi. Ndivyo alivyofunzwa. Kwao bomba likitoa maji ya kahawia, hakuna mtoto anayeyaingiza nyumbani hivyo hivyo.

Wa Kawangware walianguka kwa kicheko.

"Si mngenunua tu kwa kioski?"

"Wachana nao, hao wameogesha mto."

Mwalimu alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka pia. Kisha akaeleza taratibu kwamba ule uchafu waliokung'uta ndio aliowatuma kuleta. Msichana aliinama juu ya ndoo.

"Dani akisikia hii, nimeisha," alisema. Dani ni nyanya, kwa Kijaluo.

Mimi nilikuwa na swali, na swali likinishika huwa silali. "Uchafu wenyewe uliukung'utia wapi?"

"Pale."

"Twende tuuone."

Tulipiga magoti kwenye nyasi. Tope lilikuwa linatembea. Kulikuwa na wadudu wadogo wa miguu sita, bapa kama mbegu za boga, kila mmoja na mikia mitatu myembamba. Ndoo ya Kawangware ilikuwa na wawili. Hapa walikuwa wengi hata hatukujua tuanzie wapi. Msichana aliwaokota kwa jani akiwarudisha majini, na ghafla akaacha.

"Kumbe leso ndiyo inawashika," alisema. "Ndoo haiwezi."

Kesho yake hakuikunja. Wawili waliitandaza mtoni kama ukuta, na wengine wakasimama juu kidogo, maji yanakotoka, wakigeuza mawe kwa miguu, maji yakaleta kila kilichong'oka. Mwalimu aliwatazama akasema wataalamu wa mito hufanya hivyo hivyo kwa wavu. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha.

Ijumaa nyanya alifika, makaa bado kwenye kucha.

"Nimeona matope ya viatu vya huyu mtoto wiki nzima," alimwambia mwalimu. "Masomo nimeshayaelewa."

"Dani, vua viatu. Shika hapa," msichana alisema.

"Hii si leso yangu ya kanisa?"

"Shika tu."

Nyanya aliinua rinda, akaingia majini akinung'unika. Watoto wakageuza mawe. Walipoinua leso, wale wa mikia mitatu walikuwa wamejaa kote, na nyanya akainama kuwatazama.

"Hawa hawakai maji machafu," msichana alisema. "Ukiwapata, mto uko poa."

"Na kule Silanga, kando ya bwawa, pale nachota maji ya kumwagilia mboga zangu za sukuma? Wako?"

"Sijui. Ya bwawa hatujafunzwa."

"Mnafunzwa lini?"

"Wiki ijayo."

Nyanya alimtazama mwalimu, akamtazama mjukuu, akatazama tena wale wadudu. Nilikuwa nimeshika panga bila kufyeka chochote.

"Basi wiki ijayo nitauza peke yangu," alisema. "Nilikuwa nauza kabla hujazaliwa. Lakini jibu la hilo bwawa, ulilete nyumbani."

Msichana aliruka juu katikati ya mto akatulowesha sote, na wa Kibera wakaruka naye wakipiga mbinja. Kisha, sijui nani alianza, wa Kawangware nao wakaingia na viatu vyao. Mimi nililiweka panga chini, nikawafuata.